Mwongozo wa kumsaidia mzee kufanya mazoezi kwa kutumia simu yake

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Nimpakulie baba programu gani?" "Hii saa inayopima presha na sukari, nimnunulie mama?" "Bibi yuko Mvumi na kitochi chake, tunaanzia wapi?" Wengi wanaouliza wamehamia Dodoma kikazi na kuwaleta wazazi kutoka kijijini. Mzee aliyezoea kulima na kuchunga sasa anashinda kwenye kochi Ilazo au Kisasa, geti limefungwa, televisheni imewashwa, na nguvu za miguu zinapungua huku watoto wakiona. Nimeziandika hatua zote hapa ili uzifuate mwenyewe kuanzia leo.

Shika jambo hili kabla ya mengine: kila siku lazima awepo mtu wa kuiangalia hesabu ya hatua au dakika za mzee na kumjibu. Programu ukiipakua na kumwachia peke yake, itasahaulika haraka, hata iwe nzuri namna gani.

Andaa hivi kwanza

- Simu aliyonayo mzee. Kitochi kinatosha, kina njia yake hapa chini.
- Kipimo cha presha kilichochukuliwa karibuni kwenye zahanati au kituo cha afya, na orodha ya dawa anazotumia.
- Viatu vilivyofungwa, vinavyoshika kisigino. Kandambili hapana, na viatu vya matairi vilivyolegea navyo hapana.
- Kiti kizito chenye mgongo, kiegemezwe ukutani. Kiti cha plastiki juu ya vigae kinateleza.
- Daftari na kalamu.
- Mtu mmoja aliyekubali kwa mdomo wake kuwa mjibuji. Anaweza kuwa wewe, au mjukuu wa sekondari.

Saa janja sijaiweka kwenye orodha. Kama ipo, sawa. Kama haipo, usiinunue kwanza.

Hatua ya 1: Muulize anataka kufanya nini

Mwamkie, kaa, uliza. "Shikamoo baba. Ni kitu gani ulikuwa unakifanya kwa miguu yako ambacho sasa kinakusumbua?" Mmoja atasema kupanda daladala bila kushikwa mkono. Mwingine atasema kwenda jumuiya kwa mguu, au kuinuka baada ya kusujudu, au kufika Majengo sokoni na kurudi na kapu lake. Andika jibu hilo ukurasa wa kwanza wa daftari kwa maneno yake mwenyewe. Ndilo lengo lenu. Mzee hatembei ili grafu ipande, anatembea afike jumuiya.

Kosa linalojirudia hapa ni kumwambia mzazi "daktari amesema lazima ufanye mazoezi" kana kwamba unamkaripia mtoto. Atakubali kwa heshima, kisha hatafanya.

Na kama mzee wako yuko Chamwino au Kongwa, bado anakwenda shamba na kuteka maji, usimsumbue na kuhesabu hatua. Anatembea kuliko wewe. Ruka mpaka hatua ya 7, kwa sababu anachoweza kukosa ni nguvu za mapaja na uimara wa kusimama.

Hatua ya 2: Hakikisha ni salama kuanza

Presha ikiwa na namba ya juu 180 au namba ya chini 110, au zaidi, mazoezi yasubiri. Apelekwe kituo cha afya kwanza. Fanya hivyo pia kama ana maumivu ya kifua anapotembea, anazimia, au anahema sana akiwa amekaa tu.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asitoke bila kula, na awe na sukari au pipi mfukoni. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho jingi au kuchanganyikiwa, aketi na ailambe hapo hapo.

Kwa mtumiaji wa atenolol au propranolol, dawa za presha na moyo, kuna la ziada. Dawa hizi huzuia mapigo ya moyo kupanda, kwa hiyo saa inaweza kuonyesha mapigo madogo wakati mzee amechoka kweli. Kwake, na kwa wazee wote, tumia kipimo cha mdomo: anapotembea aweze kuzungumza sentensi nzima lakini asiweze kuimba. Akiweza kuimba, aongeze mwendo kidogo. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze.

Hatua ya 3: Chagua kifaa kulingana na mzee alivyo

*Ana simu janja na anaibeba kila aendako.* Tumia programu ya kuhesabu hatua. Angalia kwanza kama tayari imo. iPhone huja na programu ya Afya (Health) inayohesabu yenyewe, na simu nyingi za Samsung zina Samsung Health. Kama haimo, chagua programu nyepesi inayofanya kazi bila intaneti, isiyodai akaunti. Mara moja ikishapakuliwa, haimli bando.

*Ana simu janja lakini anaiacha kwenye chaji.* Usihesabu hatua. Hesabu dakika, kwa kengele.

*Ana kitochi.* Kengele ya kitochi ni kifaa cha mazoezi kamili. Iweke ilie saa 12 na nusu asubuhi, mzee atoke. Akirudi, akubipu mara moja. Wewe ukiiona bipu unajua ametembea, unapiga, mnaongea dakika moja, unaandika. Haimgharimu hata senti. Katika njia zote ninazozifahamu hii ndiyo inayodumu zaidi, kwa sababu inamlazimu kijana kupiga simu nyumbani kila siku.

*Saa za madukani "zinazopima sukari na presha".* Kwa sukari usiziamini kabisa. Februari 2024 FDA, mamlaka ya Marekani inayodhibiti chakula na dawa, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mtu akipanga dozi ya insulini kwa namba ya saa anaweza kupoteza maisha. Presha nayo ipimwe kwa mashine ya mkono yenye mfuko wa hewa. Saa itumike kwa hatua na muda tu.

Hatua ya 4: Itayarishe simu

Fanya haya ukiwa umekaa naye, usimnyang'anye simu na kuirudisha imebadilika.

1. Ingia Mipangilio, badilisha lugha iwe Kiswahili kama simu inacho, ongeza ukubwa wa maandishi mpaka asome bila miwani au kwa miwani aliyonayo.
2. Weka alama ya programu ukurasa wa kwanza wa simu, upande wa kidole gumba chake. Ondoa nyingine zilizojazana hapo.
3. Programu ikiomba ruhusa ya "shughuli za mwili", ikubalie. Bila hiyo, simu nyingi za Android hazitahesabu kitu. Ikiomba majina ya watu, jumbe au kamera, ikatalie. Kuhesabu hatua hakuhitaji kujua namba za ukoo mzima. Ikigoma kufanya kazi bila ruhusa hizo, ifute.
4. Kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu hiyo na uiruhusu kufanya kazi bila kizuizi. Simu nyingi za bei nafuu huzima programu pindi kioo kinapozimika ili kutunza chaji, ndipo mzee anatembea nusu saa na kukuta hatua 40.
5. Zima taarifa zote zinazorukaruka isipokuwa moja ya asubuhi. Simu ikilia kila saa na kumwambia "umekaa muda mrefu", itazimwa au itachukiwa.

Hatua ya 5: Jaribu hatua 100

Usiiruke hatua hii. Tembea na mzee uani au kwenye uchochoro, mhesabu kwa sauti mpaka 100, kisha angalia simu imesema ngapi. Ikisoma kati ya 90 na 110, endeleeni. Rudia mara tatu.

Wazee wengi watakuta namba pungufu, na sababu ipo. Simu hutambua hatua kwa mtikisiko. Anayetembea polepole, anayeburuza mguu au anayetumia mkongojo hutikisika kidogo, na kifaa hukosa hatua zake. Saa ya mkononi hukosea zaidi kama mkono wenye saa ndio umeshika fimbo, au umetulia juu ya kitoroli cha kutembelea. Mbadilishie mahali: simu ihamie mfuko wa suruali karibu na nyonga, saa ihamie mkono usioshika fimbo. Kwa mama asiye na mfuko, ashonewe kimfuko chenye zipu kinachofungwa kiunoni chini ya kanga. Mkoba wa begani unaoning'inia hautoi hesabu ya kuaminika.

Ukishajaribu sehemu zote na bado namba ni pungufu sana, acheni hatua, hamieni dakika. Ni jeuri kumwonyesha mtu mzima aliyetokwa jasho namba inayosema hajafanya kitu.

Hatua ya 6: Wiki moja ya kupima tu, kisha lengo

Kwa siku saba mzee aishi kama kawaida, simu ikiwa mfukoni. Andika namba kila jioni. Siku ambazo amepanda bajaji kwenye barabara ya vumbi ziangalie kwa jicho la pili, maana mtikisiko huweza kuongeza hatua za bure. Tafuta wastani. Tuseme umepata 2,400. Lengo la wiki mbili zijazo ni 2,900, yaani ongezeko la hatua 500 hivi. Akilifikia siku tano kati ya saba, ongeza tena kiasi hicho. Asipolifikia, libaki pale pale.

Sahau hatua 10,000. Namba hiyo ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, haikutoka maabara. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000, wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliotembea karibu hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Kwa hiyo mama yako akitoka 2,500 kufika 4,500 amefanya jambo kubwa, na umwambie hivyo.

Kwa wanaohesabu dakika: Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani kwa wenye miaka 65 na kuendelea. Anza na dakika 5 asubuhi na 5 jioni, ongeza dakika moja moja.

Njia na saa zichague kwa kuijua Dodoma. Kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Julai hadi Septemba upepo na vumbi hupamba moto mchana, mwenye pumu ajifunge kitambaa au atembee ndani ya ua. Oktoba na Novemba joto ni kali, achukue maji hata kama hana kiu, kwani wazee huchelewa kuhisi kiu. Mvua ikianza, njia za udongo huteleza na makorongo hujaa, hamieni kwenye lami au barazani. Walio karibu na mjini wanaweza kuzunguka Nyerere Square, pana sakafu nzuri na mahali pa kukaa. Kwingineko, uwanja wa shule asubuhi ya Jumamosi unafaa.

Barabarani atembee akielekea magari yanakotoka, bila spika za masikioni. Simu ikae mfukoni, asiishike mkononi, pikipiki hupita nayo.

Hatua ya 7: Nguvu na uimara, kwa saa ya simu

Kutembea peke yake hakutoshi kuzuia kuanguka. Ushauri ni mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki na ya uimara siku tatu. Fungua saa ya kupimia sekunde, ambayo hata vitochi vingi vinayo, ufanye vipimo viwili.

*Kuinuka kitini.* Mzee aketi, mikono imekunjwa kifuani. Kwa sekunde 30 ainuke wima na kuketi, wewe ukihesabu. Kwa vipimo vinavyotumika Marekani, mwanamke wa miaka 70 hadi 74 anayeinuka chini ya mara 10, au mwanamume wa umri huo chini ya mara 12, yuko chini ya wastani. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, kipimo ni sifuri. Usimtamkie neno hilo, andika tu daftarini.

*Nenda urudi.* Pima mita tatu kutoka kitini. Ainuke, atembee, ageuke, arudi, aketi. Akichukua sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka, na kila zoezi alifanye mtu akiwa ubavuni.

Mazoezi yenyewe ni mepesi: kuinuka kitini mara 5 hadi 8, mapumziko, kurudia. Kusimama kwa visigino juu ameshika ukingo wa meza. Kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10 akiwa ameshika dirisha. Weka kengele siku tatu za wiki.

Wapo wazee ambao viti na visigino vinawachosha roho. Kwa bibi aliyekulia Ugogoni, tafuta rekodi ya muheme, ngoma ya Wagogo, uiweke kwenye simu yake, dakika kumi, aicheze sebuleni na wajukuu. Kucheza ngoma ni nguvu, pumzi na uimara kwa pamoja, na hakuna atakayemkumbusha mara ya pili.

Hatua ya 8: Jibu kila siku

Mzee akutumie picha ya namba yake, au ujumbe wa sauti, au bipu. Wewe ujibu kwa sauti, siku hiyo hiyo, ukitaja kitu alichokifanya: "Mama, leo umefika hadi kwa mama muuza maandazi, juzi uliishia kwenye mti." Sauti inashinda maandishi, haihitaji miwani. Ikiwa lugha ya nyumbani ni Kigogo, mjukuu aseme kwa Kigogo, aanze na salamu ya mbukwenyi.

Wazee wanne au watano wa mtaa mmoja wakitembea pamoja, wafungulie grupu dogo. Namba zishindaniwe kwa ongezeko la kila mtu juu ya wiki yake iliyopita, wala siyo nani ana hatua nyingi. La sivyo mwenye miaka 62 atamkatisha tamaa wa 80. Na vipimo vya presha, sukari au majina ya dawa visiwekwe kwenye grupu, hata la ukoo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na hata bila sheria, mzazi ana siri zake. Picha yake akifanya mazoezi, omba ruhusa kwanza.

Usimdanganye kwa sifa. Siku ambayo hakutoka, uliza kwa upole kilichotokea. Mara nyingi utagundua kitu cha maana: mguu umevimba, dawa zimeisha, mbwa wa jirani anafunguliwa alfajiri.

Ikikwama

*Namba haibadiliki siku nzima.* Angalia ruhusa ya shughuli za mwili na kizuizi cha betri. Zima na uwashe simu. Kama bado, huenda simu hiyo haina kihisi cha hatua. Hamia kwenye dakika.

*Mzee anaitikisa simu akiwa amekaa ili namba ipande.* Ujue umemweka kwenye mashindano asiyoyaweza. Punguza lengo, na umuulize miguu yake inaumaje.

*"Nimetumiwa ujumbe nimeshinda zawadi ya kutembea."* Ni matapeli. Hakuna programu ya mazoezi inayohitaji namba ya siri ya pesa za simu. Mwambie mapema, kabla haujaja.

*Magoti yanauma.* Maumivu kidogo yanayotulia ndani ya siku moja yanavumilika. Punguza nusu kwa siku chache, epuka miteremko, ongeza zoezi la kiti. Goti likivimba na kuwa na joto, lionwe na daktari.

*Kifua kinabana, kizunguzungu, mdomo unapinda au mkono mmoja unalegea.* Acheni kila kitu, hospitali mara moja. Usisubiri asubuhi.

*Alilazwa au alisafiri kwenda msibani, mwezi umepita.* Usimrudishe kwenye lengo la zamani. Rudia vipimo viwili vya hatua ya 7, anza na nusu ya hatua alizofikia kabla, ongeza kila wiki. Na daftari liendelee pale pale lilipoishia, ukurasa unaofuata, usianze jipya, ili aone alikotoka.